Funguo Tatu, Nyumba Tatu

Okolona, Louisville
19 Januari 2025

Mpwa wangu Chimène,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapoletewa tokeni mpya ya mtandaoni ni kuuliza nani anaiuza. Wakishasikia kwamba ni mtoto wa fulani, wa kanisa letu, anayesema Kiswahili chetu, wanatulia. Swali lenye faida ni jingine: akishaiuza, ni mambo gani atabaki na uwezo wa kuyabadilisha peke yake?

Nimeanza na hilo kabla ya salamu, na marehemu bibi yako angenirudisha mlangoni niingie upya. Basi naingia upya. Hamjambo hapo Reynoldsburg? Grâce anaendeleaje na shule, na bado anakujibu Kiingereza ukimsemesha Kiswahili? Huku kwetu tantine wako Epifania, mke wangu, goti limetulia, amerudi kazini kwenye nyumba ya wazee. Kijana wetu Bonheur wamemhamishia zamu ya usiku kule ghalani. Anatoka saa ambayo basi hakuna, anasubiri mwenzake mwenye gari, na mwenzake akiugua anatembea kwenye barafu. Kwa hiyo usidhani mjomba wako anaipinga hiyo Lifti yenu. Watu wanunue tokeni mapema, fedha zinunue vani, na kila tokeni ilipe safari moja ya kwenda au kurudi kazini: ni wazo zuri, tena linatuhusu sisi hasa.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu nikikuuliza jambo kwenye WhatsApp unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba hakielezi kitu.

Mama yako amenipigia kutoka Buffalo akiwa na furaha tele. Anasema kikundi chao cha akina mama, Tuinuane, kimekubaliana kuchukua sehemu kubwa ya akiba ya mwaka mzima na kununua tokeni za Lifti siku ya uzinduzi. Nilimuuliza wamehakikishaje. Akanijibu, "Kaka, funguo ni tatu, na mtoto wetu yuko ndani." Akaona amemaliza.

Unajua kwa nini aliona amemaliza. Kule kwetu Uvira sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na kila ufunguo unalala kwenye nyumba yake. Sanduku lenyewe linalala nyumba ya nne. Hakuna mama mmoja anayeweza kulifungua, hata akiwa na shida ya kweli, hata akiwa mwenyekiti. Kwetu ukisema funguo tatu umeshasema nyumba tatu. Lakini kwenye kompyuta, Chimène, mtu mmoja anaweza kuwa na funguo tatu kwenye simu moja mfukoni mwake.

Basi nieleze kama unavyomweleza mwanafunzi wa darasa la sita. Je, tokeni zinaweza kuchapwa zaidi baada ya kuuzwa, na kwa amri ya nani? Sehemu ya ninyi waanzilishi imefungwa na nini? Na funguo tatu za kufungulia fedha za Lifti ziko kwa akina nani?

Mjomba wako,
Severin


Reynoldsburg
9 Februari 2025

Tonton Severin,

Shikamoo, wewe na tantine. Barua yako ilifika ikiwa imelowa kona moja, lakini nimesoma yote. Nimefurahi kusikia habari ya goti. Sisi tuko wazima. Grâce bado ananijibu Kiingereza. Juzi nilimwambia sitampa chakula mpaka aombe kwa Kiswahili, akaniambia, "Donc nitakula kwa shule," na mimi nikashindwa maana nilicheka. Duka wameniongezea saa, kwa hiyo kodi za Lifti (nasema kodi, yaani yale maandishi ya programu) ninaziandika Grâce akishalala.

Nimeweka nyuma ya karatasi hii anwani ya mkataba wetu (yaani programu inayotunza fedha na tokeni), ile ya majaribio ambayo ndiyo tutaizindua. Ukiiandika kwenye kompyuta utaona kila kitu, maana mnyororo uko wazi kwa dunia nzima. Kuhusu maswali yako: kuchapa tokeni zaidi kunawezekana, kwa sababu vani zikiongezeka na safari zitaongezeka. Sisi waanzilishi tumeahidi hatutauza sehemu yetu kabla ya mwaka. Na funguo ni tatu, kama mama alivyokuambia, wa Donati mwanzilishi mwenzangu, wa Nkusi dereva, na wangu. Zinahifadhiwa vizuri.

Donati ni mtu wa kazi, Tonton. Yeye ndiye alianza kubeba watu wa zamu ya usiku na gari lake mwenyewe, wakati hakuna mtu aliyemlipa. Watu wa hapa kwetu Columbus wanampenda sana. Ungemjua ungempenda.

Theluji hapa ni nyingi. Mwambie Bonheur avae soksi mbili.

Mpwa wako,
Chimène


Okolona, Louisville
23 Februari 2025

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Bonheur amevaa soksi mbili na anasema sasa viatu havimwingii. Tantine wako anakuuliza kama Grâce anakula samaki, maana tumepata wakavu wazuri na tutawatuma.

Niliwafundisha watoto hesabu na Kiswahili kwa miaka mingi, kwa hiyo unisamehe nikisahihisha. Umeandika kwamba funguo "zinahifadhiwa vizuri." Kauli ya kutendwa ni nzuri kwa kusema nguo zimeloweshwa, maana wote tunajua ni mvua. Lakini inamficha mtendaji. Zinahifadhiwa na nani?

Nilikwenda maktaba na anwani uliyonipa. Kijana wa pale alinifungulia ukurasa, akanionyesha namna ya kuusoma, akaniacha. Nimeelewa hivi, nawe utanisahihisha. Mnyororo ni kumbukumbu iliyonakiliwa kwenye kompyuta nyingi mno, na mstari ukishaandikwa hakuna awezaye kuufuta. Watu hawaonekani kwa majina, wanaonekana kwa anwani. Na anwani mpya haiwezi kufanya lolote mpaka ipate kwanza senti kidogo za kulipia ada ya mtandao. Mtu wa kwanza kuipa senti hizo anabaki ameandikwa hapo milele.

Nikatazama anwani tatu zenye funguo zenu. Zote tatu zilipewa senti zake za kwanza na anwani moja, moja baada ya nyingine, kama mama anayegawa uji kwa watoto waliokaa benchi moja. Na anwani hiyo iliyogawa ndiyo iliyouweka mkataba wenyewe.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hukimbilia kuhukumu. Huo si ushahidi kwamba funguo zote ni za mtu mmoja. Inawezekana Donati aliwatumia wewe na Nkusi senti za kuanzia kwa wema tu. Mnyororo umenipa swali, haujanipa jibu. Jibu unalo wewe. Je, ufunguo wako uliutengeneza mwenyewe, kwenye simu yako, na maneno yake ya siri, yale yanayourudisha ufunguo simu ikipotea, unayo wewe peke yako?

Na ile ahadi ya kutouza kabla ya mwaka imeandikwa wapi? Kama iko mdomoni, mdomo unaweza kubadilika. Kama iko ndani ya mkataba wa kompyuta, hata Donati mwenyewe akija kulia machozi, mkataba hautamfungulia kabla ya siku yake.

Mjomba wako,
Severin


Okolona, Louisville
23 Machi 2025

Chimène,

Natumaini mko wazima. Samaki walifika? Sijapata jibu lako, na kwenye WhatsApp umenitumia picha ya Grâce na keki, jambo ambalo limenifurahisha bila kunijibu.

Mama yako anasema Tuinuane wamepanga tarehe. Watavunja sanduku Jumamosi ya pili ya Mei, na siku hiyohiyo watanunua. Sijamwambia kitu. Nikimwambia mimi, atakuwa amesikia kwa kaka yake kwamba asimwamini binti yake. Jambo hili ni lako kulisema au kulirekebisha.

Severin


Reynoldsburg
6 Aprili 2025

Tonton,

Samaki walifika na tumewamaliza. Samahani kwa kunyamaza. Nilianza barua tatu na zote nilizichana.

Ufunguo wangu sijawahi kuushika. Donati aliniambia mwaka jana, "Nimekutengenezea wa kwako, usihangaike," na mimi nilikuwa na mtoto mgonjwa na zamu mbili, nikasema merci. Baadaye mama aliponiuliza kama funguo ni tatu nikasema ndiyo, maana ni kweli ni tatu. Nilijua akina mama wanasikia nini nikisema hivyo. Nilijua, Tonton, ndiyo maana nikaandika "zinahifadhiwa."

Nilipopata barua yako ya Februari nilimwendea Donati nikamuuliza mbele ya Nkusi. Hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu, akasema, "Funguo ziko salama kabisa. Zote tatu ziko kwangu." Alisema kama mtu anayetoa habari njema. Nkusi akamuuliza, "Hata mimi nina ufunguo?" Alikuwa hajui.

Hapo ndipo tuligombana. Donati alisema akisubiri saini yangu na ya Nkusi kila siku, vani zitakaa bila mafuta. Nikamwambia akina mama wa Buffalo hawatoi akiba yao kwa sababu ya haraka. Akasema, "Wewe na mjomba wako mnataka kunifanya mwizi." Nikamjibu kwamba hakuna anayemwita mwizi, lakini mkataba ule ukimruhusu kuwa mwizi, basi watu wanalazimika kumwombea kila usiku awe mwema. Bon, hakupenda. Nilimwambia akizindua hivyo naondoa jina langu na nitawaandikia Tuinuane mwenyewe kwa nini. Wiki nzima hatukusemeshana.

Kilichomgeuza si maneno yangu. Asubuhi moja simu yake ilimwanguka kwenye kituo cha mafuta, akaondoka bila kujua. Funguo zote tatu zilikuwa kwenye simu hiyo, na maneno ya siri aliyaweka humohumo kama picha. Alizunguka kuitafuta na Nkusi anaendesha. Waliikuta kwa mwanamke wa dukani aliyekuwa ameiokota. Jioni Donati alikuja kwangu na mke wake, akakaa, akakataa chai, halafu akasema polepole, "Chimène, ningeipoteza leo, watu wangu wangeniambia nini? Tubomoe. Tujenge upya."

Kwa hiyo tumebomoa. Uzinduzi wa zamani umefutwa. Naandika mkataba mpya kuanzia mwanzo, na tarehe ya akina mama sijaibadilisha, maana nataka kuifikia. Niambie wewe ungefungaje.

Mpwa wako,
Chimène


Okolona, Louisville
20 Aprili 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Sikukuu njema ya Pasaka kwako, kwa Grâce, na kwa huyo Donati. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni. Tantine wako akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna msiba, kuna ushindi unakuja.

Ningefunga hivi. Funguo tatu ziende miji mitatu: mmoja kwa Donati hapo Columbus, mmoja Buffalo, mmoja huku Louisville. Mama yako asishike, nami nisishike, kwa sababu sisi ni damu yako, na mkono wa ndugu ni mkono wako. Wewe uliyeandika mkataba nawe usishike. Buffalo yuko Delfina, yule Mtanzania anayefanya kazi hospitali. Hamwonei haya mtu. Huku tuna Sylveri fundi wa magari, ambaye hajanichekea tangu nimfahamu. Kila mmoja autengeneze ufunguo wake mwenyewe, alipe ada yake ya kwanza mwenyewe, na maneno ya siri ayaandike kwenye karatasi asiyomwonyesha mtu. Funguo zote tatu zihitajike kama kule Uvira.

Sehemu yenu waanzilishi ifungwe na mkataba. Kuchapa tokeni zaidi kutangazwe hapohapo kwenye mnyororo, kisha kusubiri siku kadhaa kabla ya kutokea, ili watu waone wakiwa bado na nafasi ya kupiga kelele. Na maandishi yote ya mkataba yawekwe wazi, yahakikishwe kwamba ndiyo yanayofanya kazi. Mtu akikupa chupa yenye karatasi iliyoandikwa "asali", unataka kujua kama ndani ni asali.

Severin


Lower West Side, Buffalo
11 Mei 2025

Tonton,

Nakuandikia nikiwa kwa mama, kwenye meza yake ya jikoni, na mama mwenyewe anaimba chumba cha pili. Leo Wamarekani wanasherehekea siku ya mama, na ameamua sherehe yote ni yake.

Kwanza nakuambia nilipokukatalia. Ulisema funguo zote tatu zihitajike. Sanduku la mbao ufunguo ukipotea unaita fundi anavunja kufuli. Hili la mtandaoni halina fundi. Mmoja akipoteza ufunguo wake, fedha za watu zinakaa humo mpaka mwisho wa dunia. Kwa hiyo ni wawili kati ya watatu. Najua utanuna kidogo, kisha utakubali.

Mengine nimefanya ulivyosema. Maandishi yako wazi, na mtu yeyote anaweza kuyachukua, kuyapitisha kwenye kompyuta yake, na kuona yanatoa mkataba uleule unaofanya kazi, bila herufi moja kuzidi. Sehemu yetu inafunguka kidogokidogo kwa miaka miwili, na Donati hawezi kuiharakisha. Sylveri alinipigia siku aliyotengeneza ufunguo wake. Hakunisalimia hata. Alisema, "Nimelipa ada kwa senti zangu. Usinirudishie." Akakata.

Jana sasa. Ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Akina mama wa Tuinuane walivaa vitenge vya aina moja. Nilianza kueleza mnyororo, anwani, ada, na niliona macho yanaanza kulegea. Hapo Delfina akasimama katikati ya maelezo yangu. Akasema, "Mwanangu, umesema vizuri, lakini sisi si wanafunzi. Donati yuko hapa na ufunguo wake anao. Hebu aibe tuone."

Mimi nikamtazama Donati, na Donati akatazama ukutani, pale tulipokuwa tumeonyesha ukurasa wa Lifti kwa projekta. Kisha akaja mbele. Ndani ya sanduku tulikuwa tumeshaweka fedha zetu sisi wenyewe za mwanzo, kabla ya mtu kununua. Donati akaandika anwani yake, akaandika kiasi chote, akatia saini kwa ufunguo wake peke yake. Programu ikamwonya kwamba haitawezekana. Nikamwambia alazimishe. Akalazimisha.

Tulisubiri. Kisha ukutani ukatokea mstari mwekundu: imeshindwa. Nikawasomea kwa sauti, nikawaeleza kwamba hata jaribio lenyewe limeandikwa na halitafutika, kwamba siku hiyo Donati alijaribu na mkataba ukamkatalia. Tonton, sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Walishangilia kukataliwa kwake kuliko vile watu wanavyoshangilia harusi. Mama mmoja mzee alimfungia kitenge kiunoni. Donati alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho, akaniambia, "Katika maisha yangu sijawahi kushindwa vizuri hivi."

Kisha Delfina akatia saini yake, Donati ya kwake, kwa malipo madogo ya majaribio, na sanduku likafunguka hapohapo. Wakapiga makofi tena. Baada ya hapo wakaanza kununua, mmoja mmoja, na tokeni za awamu ya kwanza zilikwisha kabla chakula hakijaiva. Nkusi tayari ameagiza vani ya Louisville. Mwambie Bonheur.

Mama alizunguka ukumbi mzima akijivuna. Waliomuuliza kama na yeye ameuangalia mkataba aliwaambia, "Mie sina haja ya kuangalia. Ni mtoto wangu aliandika."

Tantine umsalimie sana.

Mpwa wako,
Chimène


Okolona, Louisville
18 Mei 2025

Mpwa wangu,

Nimenuna kidogo, kisha nimekubali. Wawili kati ya watatu ni hesabu bora kuliko yangu, na nimemweleza hivyo Sylveri, ambaye alisema tu kwamba alikuwa anajua.

Huku tuko salama na tuna sherehe yetu. Vani ilifika juzi. Bonheur alirudi alfajiri akiwa mkavu kuanzia kichwani hadi viatuni, akaniamsha kuniambia, nami sikumkasirikia. Ndani ya vani walikuwa Wakongo, Warundi, na Mtanzania mmoja, wote wanamsikiliza Sylveri akiwaeleza ufunguo wake ni nini na kwa nini hauwezi kufungua chochote peke yake. Mtu asiyecheka sasa anahubiri. Kikundi kimoja cha hapa Louisville kimeletewa tokeni nyingine na muuzaji mmoja anayevaa vizuri. Wamemuuliza funguo ziko kwa akina nani, na nani alilipa ada yao ya kwanza. Aliomba muda wa kufikiri. Nafurahi kukuambia kwamba bado anafikiri.

Umefanya jambo kubwa, Chimène. Uliponyamaza niliogopa, na uliporudi hukurudi na maneno matupu. Ulikuwa umetengeneza kitu ambacho hakihitaji wewe kuwa mwema ili kiwe salama. Hiyo ndiyo maana ya kazi yote, na mimi niliyefundisha nusu ya maisha yangu sikuwahi kumfundisha mtu jambo gumu kuliko hilo.

Ila mama yako bado hajaiona kazi yako. Ameona jina lako tu. Kwake yeye Lifti ni salama kwa sababu ni wewe, na siku nyingine atakuja mtoto wa mtu mwingine mwenye jina zuri, naye atatoa akiba yake kwa moyo uleule. Hana ulinzi wowote mpaka ajue kuangalia.

Leo ukitoka kazini mpigie, mwambie aufungue ukurasa wa mkataba kwa kidole chake mwenyewe, na ukae kimya mpaka amalize kukusomea.

Mjomba wako,
Severin